Mwaka wa Matairi Sita

Matanga ya Papa Bauma yalikuwa katika nyumba yake ya mbao huko Nyamitaba, kwenye chumba kirefu ambacho viti vyote vilikuwa vimetolewa nje na sakafu ikatandikwa mikeka. Nilifika mchana. Akina mama walisogea wakaniachia nafasi karibu na ukuta, wakanipa kikombe cha chai ya tangawizi, wakaendelea na mazungumzo yao kwa sababu hakuna aliyenijua. Mmoja wao, mwenye sinia la maharage mapajani, alisema marehemu alikuwa mtu mpole sana, ni vile tu alikula mapine ya gari ya kamati. Mwenzake akaitikia kwamba kila mtu ana lake na Mungu ni mwenye kusamehe. Mapine ndivyo tunavyoita matairi kwetu. Nilitazama nyuso zao: wakati wa mambo hayo mmoja alikuwa bado hajazaliwa, na mwingine labda alikuwa anabebwa mgongoni. Neno lile liliwafikia likiwa limeshapita midomo mingi, lakini mdomo wa kwanza naujua, ni huu wangu. Nilikunywa chai yangu, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala kwa nani, hayo hayahusiki. Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nina diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari katika bahasha, sina kazi, na kamati ya afya ya kule Masisi ikanichukua kuwa sekretere wa Kanyumba. Kanyumba lilikuwa gari, tena nyumba. Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wanazunguka dunia nalo walifika kwetu wakati wa mvua, barabara ikawashinda, wakaliacha kwa kamati na kurudi kwao kwa ndege. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, kabati, meza ya kukunja, jiko la gesi na mapazia ya maua ya njano yaliyonuka ukungu. Kamati iliamua liwe zahanati ya kutembea: leo Nyamitaba, siku ya soko Bweremana, na msimu ukiruhusu lishuke mpaka Walikale, ambako akina mama wengi walikuwa wanajifungua bila kuonwa na mtu yeyote wa dawa. Tulikuwa watatu. Mama Furaha, muuguzi, mwanamke mnene mwenye kucheka na kila mtu, alilala kwenye kitanda kikubwa. Mimi nililala kwenye kile chembamba cha juu, pua yangu karibu iguse paa. Papa Bauma, dereva, alilala kwa mwenyeji yeyote aliyempokea kijijini, kwa heshima yetu.

Alikuwa mtu wa Walikale, wa kule msituni, aliyeoa Nyamitaba na kuhamia kwa wakwe. Kabla yetu alikuwa ameendesha malori miaka mingi. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alizunguka gari akibonyeza matairi sita kwa kidole gumba, moja moja, kama mama anayeangalia kama viazi vimeiva. Mimi nilimtazama kupitia pazia. Ndiyo, nilimtazama, maana nilikuwa nimetumwa. Siku niliyopewa kazi, Papa Prezida wa kamati aliniita pembeni akaniambia kwamba madereva wote ni walewale: anaponunua kitu cha gari, muuzaji humpa matabishi yake, bahshishi, kichinichini, na kamati ndiyo inayobebeshwa takataka. Niwe macho yao. Nikifanya vizuri, mwaka ukiisha watanipeleka Goma kwenye shule ya uuguzi. Hakuhitaji kunisukuma sana. Mimi kwa tabia yangu ni mtu wa kushuku. Hata leo siwezi kununua maziwa bila kuyaonja mbele ya mwenye kuuza, na wanangu wanaona haya kwenda nami sokoni.

Shida ilianza kabla hatujashuka Walikale hata mara moja. Kanyumba lilikuwa limesimama nyuma ya dispensari muda mrefu likingoja karatasi zake, na Papa Bauma alisema matairi yamekufa kwa kusimama. Nilicheka moyoni. Meno ya matairi yale yalikuwa marefu, mazima, kama ya gari lililotoka dukani jana, na huyu mtu anataka mapya! Alinipeleka akanionyesha nyufa ndogondogo ubavuni, nyembamba kama za udongo unaokauka. Mimi niliona vumbi. Mama Furaha, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, alimuuliza mbona malori ya Walikale yanapita na matairi yaliyochoka kuliko haya na yanafika. Jibu lake nililiandika kwenye daftari langu siku ileile, nikidhani siku moja litamfunga.

"Lori inapakua muzigo, Mama," alisema. "Ikifika inapumuzika. Nyumba haipakui. Vitanda iko mule, kabati iko mule, dawa iko mule, nyinyi muko mule. Hata ikisimama, pine iko inabeba. Nyumba inahitaji pine yenye mbavu nguvu, haina kazi na meno."

Kamati ilikubali kwa shingo upande, ikatutuma Bweremana, ambako kulikuwa na mwenye depo aliyeuza vyuma na matairi ya kila namna. Tulifika saa ya samaki. Wanawake walikuwa wanaanika sambaza, dagaa wetu, kando ya ziwa, na Mama Furaha akanunua za kutosha, tukazila zikiwa zimekaangwa na ndimu, na bugali wa muhogo, tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya gari. Papa Bauma hakula na sisi. Alikuwa ameshaingia depo. Hilo nalo niliona si la bure: mtu mwenye njaa anaacha samaki wa moto aende kuongea na muuzaji peke yake?

Nilipomfuata nilikuta ameweka mbele yake mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa matairi sita mazuri mpaka nikataka kuyagusa: meusi, yanang'aa kwa mafuta, meno marefu, vishungi vya mpira bado vimesimama. Fungu la pili lilikuwa sita yaliyovuliwa kutoka kwenye lori lililokuwa linabeba mawe ya madini ya Bisie, yenye matope kwenye mikunjo, meno yameliwa karibu theluthi. Bei za mafungu hayo zilikaribiana sana. Na yeye anataka ya matope! Mwenye depo, mtu mwenye sauti laini na vidole safi kupita kazi yake, alinitazama akainua mabega, kama kusema dereva wenu ana mambo yake. Papa Bauma aliniita, akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi zuri, mahali palipokuwa pamekwanguliwa mpaka pakawa laini.

"Angalia, dada. Hapa njo kunakuwaka namba ya mwaka yenye pine ilizaliwa. Wameikwangua. Muntu hafiche umri ya kintu kipya."

Niliangalia. Sikuona namba, wala sikuona alama ya namba. Niliona mtu mzima ananionyesha kitu kisichokuwepo. Nikasema tutapeleka neno kwa kamati. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, niligeuka nikamwona mwenye depo akimpa Papa Bauma, nyuma ya nyumba, kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alikikumbatia kifuani, akakiweka chini ya kiti chake cha dereva, na njia nzima hakusema ni nini. Mimi nami sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kujua, na mtu aliyekwisha kujua haulizi.

Tulirudi Nyamitaba. Kesho yake Papa Bauma alilibeba lile gunia mpaka kwa shemeji yake, Papa Batachoka, kaka wa mke wake, aliyekuwa fundi wa lugabire, zile ndala za mpira wa tairi ambazo nusu ya milima yetu inalimia. Nilimfuata kwa mbali. Nilijifanya naomba maji kwa jirani, nikasimama upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilisikia kisu kikikata kitu polepole, kikasimama, kikakata tena. Wakanong'ona kwa Kihunde, kisha kwa Kiswahili nikasikia sauti ya shemeji ikisema, "Usiambie muntu kwanza. Ungojee kamati ikutane." Basi. Ningetaka nini zaidi? Niliona wanagawana. Nilirudi kwenye Kanyumba na moyo mwepesi, nikala maharage na jibini ya Masisi aliyotuletea mgonjwa mmoja, na nakumbuka vizuri kwamba nilikula sana.

Kamati ilikutana katika chumba cha katekesi, watu saba kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamepanda juu. Papa Bauma alisimama akaeleza: alimwomba mwenye depo, kama mpira wa lugabire tu, kipande cha tairi lililopasuka la mzigo mmoja na lile fungu zuri, akampelekea Papa Batachoka akikate, kwa sababu mkata lugabire anajua mpira kuliko mwenye kuuuza. Mpira hai ukiukunja unarudi; mpira wa zamani unapasuka ndani kama muhogo mkavu. Ule ulipasuka. Wamwite Batachoka aseme mwenyewe. Papa Prezida akanigeukia mimi. Nikasimama na daftari langu, nikasoma: siku, mahali, gunia, nyuma ya nyumba, mwenye depo kwa mkono wake mwenyewe. Nikasoma maneno ya ukutani. Nikamaliza kwa kusema huyo fundi anayetaka aitwe ni shemeji yake. Mabenchi yalilia kwa watu kugeuka. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mtu akatae kipya achague kuukuu kama hana lake ndani, na mwenye jibu alikuwa yule ambaye hawakutaka tena kumsikia. Papa Prezida alimuuliza kama ana neno juu ya ushahidi wa sekretere. Papa Bauma alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kupanga kalamu zangu.

"Juu ya dada huyu sina neno," alisema.

Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka juu ya meza. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Bauma amekula mapine ya kamati. Mkewe aliacha kuja kwenye kikundi cha akina mama. Sisi tulinunua yale matairi mazuri, tukapata dereva mwingine, na wiki mbili tatu Kanyumba lilipendeza kweli, kila mtu aliyepita alilisifia viatu vyake vipya.

Tukaanza safari ya Walikale. Ukishaacha malisho ya ng'ombe, barabara inashuka, baridi inakwisha, miti inakuwa mirefu, na unaanza kuona ndizi mahali pa maharage. Kijiji cha kwanza tulichopumzika walitupikia lituma, ndizi zilizopondwa, na majani ya muhogo, na mwenyeji akatuuliza Bauma yuko wapi, maana walikuwa wanamngoja mtoto wao arudi akiendesha gari la dawa. Mama Furaha alisema anaumwa. Mimi niliangalia sahani yangu. Siku ya pili, kwenye mteremko, saa nne asubuhi, tairi la nyuma la nje lilipasuka kwa mlio uliofanya ndege wote wanyamaze. La pembeni yake likabeba uzito wote, nalo likaachia baada ya hatua chache. Gari lililala taratibu kwenye mfereji. Mimi nilikuwa mbele na dereva, sikuumia. Mama Furaha alikuwa nyuma, ameketi kitandani anakunja bendeji, na kabati la dawa lilimwangukia kwenye nyonga. Tulimtoa kupitia dirishani. Hakupiga kelele, alisema tu, mara nyingi, kwamba wale wa Walikale wanangoja. Hawakutuona msimu ule, wala uliofuata. Ni wangapi kati yao walijifungua vibaya sijui, na sikuwahi kuwa na moyo wa kuuliza. Mama Furaha alichechemea mpaka alipostaafu.

Unadhani watu walisema nini? Walisema Bauma amelifunga gari kwa uchawi. Mtu wa msituni, mwenye kujua mambo ya kwao, amenyang'anywa ufunguo, na gari linaanguka palepale penye kuingia nchi yake: nani ahitaji maelezo zaidi? Wakristo wazuri, wenye rozari mkononi, walisema hivyo. Niliwasikia wawili dirishani kwa Mama Furaha hospitalini. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuamini shaka niliyopewa bure. Niliomba mtu wa pikipiki anirudishe mpaka mteremkoni, nikaokota kipande cha lile tairi, nikakipeleka mwenyewe kwa Papa Batachoka. Alikuwa ameketi kwenye kigogo chake, ndala kumi na mbili zimening'inia juu ya kichwa. Hakunisalimu. Alichukua kipande, akakikata ukanda mwembamba, akaukunja kati ya vidole. Ukafunguka kwa nyufa nyingi ndogo, na unga mweusi ukamwagika kwenye goti lake. Kisha akaingia ndani akatoa gunia lilelile, na kipande kilichokuwa ndani yake akakiweka kando ya changu. Vilikuwa vya fungu moja, mtoto angeona.

"Iko miaka mingi hii kitu inalala ku depo," alisema. "Haikuwahi kutembea, njo sababu meno yake iko mazima. Nilimuambia shemeji angojee kamati, asiseme kwa barabara, mwenye depo asikuje akaipata habari akaficha zingine. Weye ulikuwa unasimama pale kwa ukuta. Tulikuona viatu chini ya mbao."

Nilikwenda kwa Papa Prezida siku hiyohiyo. Alinipokea sebuleni, akanipa Fanta, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ripoti imekwishaandikwa na wote saba wametia sahihi, kwamba kuifungua sasa kutavunja kamati, kwamba Bauma bado ana nguvu na atapata kazi nyingine. Mwishoni, akitazama dirishani, akasema barua yangu ya shule ya uuguzi iko tayari, imebaki mhuri. Hakunitisha. Alisema tu mambo mawili yakafuatana. Nilimaliza Fanta. Mwezi uliofuata nilikuwa Goma, kwenye bweni la wasichana, nina kitanda changu, nguo nyeupe na vitabu. Nimekuwa muuguzi miaka yote hii kwa mhuri ule. Nilijifunza kazi vizuri, wagonjwa walinipenda, na bado naona nilikula riziki ya mtu.

Nilimwona Papa Bauma mara moja tu baada ya hapo, likizo ya kwanza. Alikuwa anapandisha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, yenye mifuko ya kabichi kwenye kilima, mtu aliyekuwa na mikono ya usukani, jasho limemlowesha mgongo wote. Hakuna aliyempa gari tena, kuanzia milima yetu mpaka ziwani. Nilishuka kwenye pikipiki nikasema Papa, najua ukweli, nilikwenda kwa Batachoka. Alitia jiwe chini ya gurudumu la mbao ili chukudu isirudi nyuma, akanyooka.

"Muliniuliza kama nilikula," alisema. "Hakuna mwenye aliniuliza kama zile pine zitafika."

Kisha akaniuliza shule inaendaje, na kama kweli wanatufundisha kushona jeraha. Nilimjibu. Akaondoa jiwe, akaendelea kupanda. Nilijiambia nitarudi nikasimame kanisani niseme. Nikaolewa, vita vikatutawanya mara mbili, nikazaa, nikazeeka. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo.

Sasa nilikuwa kwenye mkeka wake. Ulipofika wakati wa kutoa maneno, wengine walisimulia upole wake, mmoja akasimulia alivyomkokotea mgonjwa kwa chukudu siku nzima. Nilisimama. Nilisema jina langu, nikasema mimi ndiye niliyekuwa sekretere wa Kanyumba, na kwamba Papa Bauma hakula kitu. Nikaeleza matairi yalivyokuwa, gunia lilikuwa na nini, nani alinipa kazi ya kuchunguza na mimi niliifanyaje. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, yule mwenye maharage akamnong'oneza mwenzake kwamba ni vizuri, mgeni amekuja kumfunika marehemu, wafu hawasemwi vibaya. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimekaa na ukweli ule miaka yote, na nilipoutoa ulionekana kama salamu ya rambirambi.

Ndipo binti yake mkubwa, Neema, mwenye nywele zilizoanza mvi, akanyanyuka kutoka kona ya wafiwa. Yeye hakunong'ona.

"Mama, wengi hapa hawakusadiki," alisema. "Kila siku wanasema pale palilika kitu. Kama Papa hakukula, ni nani alikula?"

Kuna jambo nililoliruka katika kusimulia haya, kwao na kwako msomaji, kama nilivyoliruka mbele ya kamati. Siku ile Bweremana, kabla ya gunia, mwenye depo mwenye sauti laini alinipa kikwembe kipya, kitenge cha rangi ya buluu na ndege weupe, akasema ni zawadi ya mteja mheshimiwa. Sikukiita matabishi. Matabishi yalikuwa ya madereva. Nilikitia kwenye mfuko wangu chini ya daftari, nikakishona, nikakivaa Pasaka.

"Ni mimi," nilimwambia Neema. "Nilipewa kikwembe na mwenye depo, nikakubali, nikayasifia matairi yake."

Neema alisogea mpaka akawa mbele yangu kabisa, akanitazama kama baba yake alivyonitazama kwenye chumba cha katekesi.

"Na Papa alijua?"

"Alijua," nikasema. "Alikuwa amesimama karibu yangu nilipokipokea."